Skauti, Simu na Mkebe Uliofichwa

Mwalimu uliyekabidhiwa skauti wa shule unajua ilivyo: gwaride wamelipiga, mafundo wameyafunga na kuyafungua, na Jumamosi nyingine inakuja. Jaribu jiokashi. Mtu huficha mkebe wenye kidaftari ndani, huandika nambari za mahali ulipo kama kifaa cha GPS kinavyozisoma, kisha huwapa wengine nambari hizo wakautafute. Anayeupata hutia jina na tarehe kwenye kidaftari, akaurudisha pale pale alipoutoa. Hakuna refa wala kombe.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani Mei 2000. Hadi wakati huo jeshi la nchi hiyo, ambalo ndilo lenye setilaiti za GPS, lilikuwa likivuruga kwa makusudi mawimbi wanayopokea raia, hata kifaa kikaweza kukosea mita mia moja. Mapema mwezi huo Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome. Tarehe 3 Mei mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza nambari zake kwenye intaneti. Ndani alikuwa ameweka, pamoja na vitabu na kanda za video, kopo la maharagwe na manati. Leo vyote viwili vingekataliwa: chakula huita wanyama, na silaha hairuhusiwi kabisa. Mwaka 2010 skauti wa Marekani waliuingiza mchezo huu kwenye beji zao.

Kwa skauti si jambo geni kama linavyoonekana. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alijaza kitabu chake cha 1908 mafunzo ya kufuata nyayo, kusoma alama za njiani na kukumbuka kilichoonwa mara moja tu. Kaburi lake pale Nyeri, alikozikwa Januari 1941, lina alama ya njia: duara lenye nukta katikati, ambayo kwa skauti maana yake ni “nimekwenda nyumbani”. Ndiyo sababu nakushauri jambo moja litakaloongoza mengine yote. Panga siku yako ili simu iwafikishe watoto karibu tu, na mita za mwisho waachiwe macho yao. Mtoto aliyekodolea macho kioo hadi miguu ikagonga mkebe amejifunza kufuata mshale, basi.

Ficha mikebe yako mwenyewe

Mchezo rasmi una tovuti, geocaching.com, yenye mikebe zaidi ya milioni tatu duniani. Mingi iko Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwetu Kenya ni ya kuhesabika, imetawanyika, na baadhi iko mahali ambapo watoto arobaini wenye skafu wataleta kero. Ukitaka kuitumia, fungua akaunti moja ya kundi, uishike wewe mwenyewe, na kabla hujaahidi watoto chochote tazama mara ya mwisho mtu aliupata mkebe huo lini. Kama wa mwisho alikuwa mtalii miaka mitatu iliyopita, usifunge safari.

Lakini kwa kikosi cha shule sioni sababu ya kutegemea mikebe ya wengine. Ficha yako ya siku moja. Tovuti haitaitangaza, kwa kuwa inataka mikebe itakayodumu, nawe huhitaji itangazwe. Azima tu kanuni zake, maana zimetokana na makosa ya watu wengi: mikebe isikaribiane chini ya mita 161, usichimbe shimo kuufukia, usipigilie msumari kwenye mti, usiweke chakula, dawa, kiberiti wala kisu, na mwenye ardhi awe amekubali.

Hilo la mwenye ardhi ndilo litakalokula muda wako, na lina haki ya kuula. Uwanja wa shule ni rahisi, mwambie mwalimu mkuu. Shamba la mzazi, mwendee mwenyewe nyumbani, usitume mtoto. Msitu kama Karura, Nairobi, unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu pamoja na jumuiya ya wenyeji; kuna kiingilio, kuna njia zilizowekewa nambari kwenye njia panda, na kuna ulinzi. Andika barua, taja idadi ya watoto, watu wazima watakaoandamana nao, saa za kuingia na kutoka, na kwamba kila mkebe utaondolewa siku hiyo hiyo. Kambi ya skauti ya Rowallan, Nairobi, ni mahali pa kuanzia kwa kundi lisilo na pengine, maana pale hutahitaji kumweleza mtu skauti ni nani.

Usifiche kitu karibu na kituo cha polisi, ubalozi, soko kubwa, daraja, stesheni wala jengo la maduka. Nchi hii imeona bomu la Agosti 1998 na imeona shambulio la Westgate. Askari akikuta sanduku lililofungwa kwa gundi chini ya benchi hataanza kwa kufikiria watoto. Tumia chombo cha plastiki kinachoonyesha kilichomo, na ubandike karatasi yenye jina la kikosi, neno “mchezo wa skauti” na nambari ya simu yako. Siku yenyewe waambie askari wa mlango, bawabu na majirani.

Chombo gani? Chupa pana ya siagi ya karanga yenye kifuniko cha kuzungusha inafaa sana, au bakuli la chakula lenye vifungo pembeni. Ioshe kwa sabuni, ianike siku mbili, kwa sababu nyani na panya hunusa kilichokuwamo hata wewe usipokisikia. Mkebe wa bati wa mafuta ya kupikia una sura nzuri na watoto wanaupenda, lakini hushika kutu, na mjini hautamaliza saa mbili kabla ya mwokota chuma chakavu kupita nao. Ndani weka kidaftari na penseli. Kalamu ya wino hukauka au huvuja kwenye joto. Usifunge kidaftari kwa mfuko wa nailoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi hata kuingia katika misitu na hifadhi. Kifuniko kikikaza vizuri, karatasi haitalowa kwa siku moja.

Watoto hufurahia kukuta kitu cha kubadilishana: kifungo cha skafu, gololi, ushanga, sarafu ya zamani. Kanuni ni kwamba ukichukua, unaacha chenye thamani ileile au zaidi. Utashangaa jinsi mtoto wa miaka kumi anavyoweza kujadili kwa dakika tano kama gololi moja inalingana na beji.

Nambari

Hapa ndipo siku nyingi huharibikia, kwa hiyo twende polepole.

Nambari za mahali huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Jiokashi hutumia digrii na dakika zenye nukta. Ramani ya simu yako mara nyingi hutumia digrii zenye nukta peke yake. Katikati ya Nairobi iko kwenye latitudo ya digrii 1.29 kusini, kwa digrii na dakika hiyo ni S 1° 17.4. Skauti akiiona 1.29 na kuiandika 1° 29, amewapeleka wenzake zaidi ya kilomita 20 kusini mwa jiji. Chagua namna moja, iweke kwenye kila simu, na usiibadilishe.

Halafu kuna herufi. Sisi tunaishi karibu na ikweta, na herufi ya mwanzo ina kazi kubwa kwetu kuliko kwa Mzungu aliyeandika maelezo ya programu. Mji wa Nyeri uko S 0° 25. Andika N badala ya S na umevuka ikweta, zaidi ya kilomita 90 kuelekea kaskazini. Programu nyingi zimezoea N, hivyo herufi hubadilika bila mtu kugundua.

Ikweta hiyo hiyo inatupa zawadi. Kwetu dakika moja ya latitudo na dakika moja ya longitudo zinakaribia kulingana, kila moja kama mita 1,850. Mjini London dakika ya longitudo haifiki hata mita 1,200. Kwa hiyo skauti wa Nyeri, Kisumu au Mombasa anaweza kupiga hesabu ya umbali kichwani bila kujali anaelekea upande gani: tarakimu ya tatu baada ya nukta ikibadilika kwa moja, amesogea karibu mita mbili, tarakimu ya pili ikibadilika kwa moja, amesogea mita 18 na kitu, ya kwanza, mita 185. Wafundishe hili uwanjani wiki moja kabla. Mpe kila mmoja simu kwa zamu, atembee kuelekea kaskazini huku akihesabu hatua mpaka tarakimu ya pili ibadilike. Akishajua hatua zake ni ngapi, amejipatia rula ambayo betri yake haiishi.

Unapoficha, usichukue nambari kwa haraka. Weka simu juu ya mkebe, subiri dakika kadhaa, andika. Ondoka hatua hamsini, rudi kwa njia nyingine, andika tena. Fanya hivyo mara ya tatu saa nyingine ya siku, kisha chukua wastani. Mahali pa wazi simu hukosea mita tano hivi. Chini ya miti mikubwa au kando ya ukuta mrefu, kumi au zaidi. Kumbuka makosa ni mawili, la kwako ulipoficha na la mtoto anapotafuta. Mwishowe mpe mwenzako nambari hizo bila maelezo yoyote, aende peke yake. Asipoupata, watoto hawataupata.

Wengi huamini simu bila bando haijui iliko. Inajua, mawimbi ya setilaiti ni ya bure. Bando ni la ramani, na ramani hupakuliwa nyumbani kabla. Organic Maps na OsmAnd huonyesha ramani bila mtandao, na kwa simu za Android kuna c:geo, ya bure, inayokuruhusu kuingiza mikebe yako mwenyewe. Simu moja kwa kila doria ya watoto sita hadi wanane inatosha. Zikiwa nyingi, kila mtoto atatembea peke yake akiwa katikati ya wenzake. Na barabarani simu hukaa mfukoni, sababu unaijua.

Siku yenyewe

Sungura, wale wadogo kabisa, usiwape simu. Wafichie mikebe miwili au mitatu uwanjani na uwape maelekezo ya hatua na dira: hatua ishirini kaskazini kutoka mlingoti wa bendera, kisha utafute kivuli cha mwarobaini. Kwa Chipukizi, wanaowafuata, mikebe minne au mitano ndani ya kilomita mbili au tatu ni siku nzima. Hesabu nusu saa kwa kila mkebe na utakuwa sahihi. Mwamba, walio wakubwa zaidi, wanaweza kwenda mbali, na wanaweza kufanya kitu kizuri zaidi ambacho nitakitaja baadaye.

Gawa kazi ndani ya doria na uzizungushe kila mkebe unapopatikana: mmoja ana simu, mmoja dira, mmoja ramani ya karatasi, mmoja anahesabu hatua, mmoja anaandika, na mmoja hukaa nyuma kuhakikisha hakuna aliyebaki. Anayeshika simu ndiye anayepewa lawama mshale ukiwapeleka kwenye ukingo wa mto. Kwa kweli mshale haujui mto. Huonyesha mstari ulionyooka, na katika nchi ya migongo na mabonde kama Nyeri mstari huo unaweza kukatiza bonde la Chania wakati njia ya miguu iko upande mwingine kabisa. Hapo ndipo mwenye ramani anapata heshima yake. Mwache abishane na mwenye simu. Usiwasaidie mapema.

Mshale pia huyumba mtu akisimama. Watoto husimama, hugeuka, hulalamika kwamba simu imeharibika. Waambie watembee hatua kumi ndipo waangalie tena.

Umbali ukisoma mita kumi, simu inaingia mfukoni. Hii ni amri. Kuanzia hapo watawanyike na kutazama kitu ambacho mikono ya mtu imekigusa: mawe matatu yaliyopangana vizuri mno, vijiti vilivyolala sambamba, gome lililoinuliwa, majani makavu mahali ambapo mengine ni mabichi. Wanaofanya vizuri hapa ni wale waliocheza mchezo wa Kim, ule wa sinia. Kama hujawahi kuuchezesha, ni rahisi: panga vitu ishirini na vinne kwenye sinia, waonyeshe dakika moja, funika kwa kitambaa, waandike walichokumbuka. Baden-Powell aliutoa katika riwaya ya Rudyard Kipling. Uchezeshe kwenye mikutano miwili kabla ya siku hii na utaona tofauti.

Sasa hila ambayo huwatuliza wenye pupa. Anayeuona mkebe hasemi. Haonyeshi kidole, hasimami. Anaendelea kutembea kama kwamba hajaona kitu, kisha anakwenda kukaa mahali walipoweka mikoba na kushika skafu yake. Wa pili akiuona naye anakwenda kukaa. Hivyo hata mtoto wa mwisho anaupata mwenyewe, na yule anayezoea kukimbilia mbele anapata kazi ngumu kuliko zote, kunyamaza. Wakishakaa wote, au robo saa ikapita, wanakwenda kuufungua pamoja.

Usalama una kanuni ya fimbo kabla ya mkono. Hakuna mkono unaoingia kwenye shimo, chini ya jiwe au ndani ya gogo kabla fimbo haijapita. Kwa upande wako wewe unayeficha, usiweke mkebe mahali ambapo lazima mkono uingie lisikoona jicho. Nyoka, nge na nyuki hupenda maficho yale yale unayoyapenda wewe. Angalia siafu asubuhi hiyo hiyo, kwani njia iliyokuwa safi Ijumaa inaweza kuwa yao Jumamosi. Angalia upupu. Watu wazima wawe wawili kwa kila doria kama unaweza, wawili kwa kundi zima kama huna budi, na hapo doria zisitengane. Mwezi wa Aprili uuache kwa masika. Na mkebe wa mwisho upatikane kabla ya saa kumi alasiri, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu giza huanza kuingia na daima kuna mmoja aliyesahau sweta kwenye mkebe wa pili.

Wakikutana na mwenye shamba au mpita njia, kiongozi wa doria ndiye anayesema: “Shikamoo mzee, sisi ni skauti wa shule ile pale, tunatafuta mkebe tuliofichiwa na mwalimu wetu.” Wafanyishe zoezi la kulisema. Mtoto aliyeshikwa akichungulia ua wa mtu huku amekodolea macho simu ana mengi ya kueleza, na aliyesalimia kwanza ana machache.

Beba magunia mawili. Wachezaji wa jiokashi duniani wana desturi ya kurudi na taka walizokuta njiani, na skauti hawana sababu ya kushindwa nao.

Mahali pasipofaa kuachwa kitu

Makaburi, misikiti, makanisa, hifadhi za wanyama na majengo ya kale hayafai kufichwa mkebe, lakini yanafaa sana kutafutwa. Hapo tumia maandishi yaliyokwisha kuwepo. Kila kituo kinatoa jibu, jibu linakuwa tarakimu, na tarakimu zinajaza nafasi zilizoachwa wazi katika nambari za mkebe mmoja tu wa mwisho, uliouficha mahali palipokubaliwa.

Kwa mfano, kikosi kinachozuru Nyeri Februari 22, siku ya kuzaliwa ya Baden-Powell, kinaweza kuanzia kaburini kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka aliofariki, toa mwaka wa kambi yake ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, 1907: unapata 34, na hizo ni tarakimu mbili za latitudo yako. Katika makaburi hayo hayo amezikwa Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wa India, ambaye alikuja kuishi katika nyumba ile ile ya Paxtu aliyokuwa akiishi Baden-Powell, kwenye bustani za hoteli ya Outspan. Alifariki 1955. Unayo tarakimu nyingine. Watoto watasoma mawe ya makaburi kwa umakini ambao hakuna somo la historia limewahi kuupata kwao. Omba ruhusa ya kanisa na ya hoteli kwanza, na watoto wasikanyage kaburi la mtu.

Kama kikosi kinaweza kufika Nanyuki, kuna utafutaji usio na mkebe kabisa. Waambie kila doria itafute mahali ambapo simu yao inasoma latitudo 0° 00.000 na waweke jiwe hapo. Kisha tembeeni pamoja kupima umbali kati ya mawe, na kati ya mawe na bango la ikweta ambalo watalii hupigia picha. Majibu hayatalingana. Ugomvi utakaotokea juu ya ipi ni ikweta ya kweli utawafunza makosa ya vipimo vizuri kuliko ubao wako.

Baada ya hapo

Hesabu mikebe kabla ya kuondoka, kwa sauti, mmoja mmoja. Ulificha mitano, rudi na mitano. Picha za watoto na majina yao kamili zisiwekwe kwenye mitandao. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi, na hata isingetaka, nambari za mahali pamoja na uso wa mtoto si kitu cha kutangaza.

Sasa lile nililoahidi kuhusu Mwamba: wape kazi ya kuficha. Doria moja inafichia nyingine, yenyewe ikaombe ruhusa, ichukue nambari mara tatu, iandike kidokezo kisichosema mno. Wapangie ugumu kwa mizani ya mchezo rasmi, kuanzia moja hadi tano, mara mbili: ugumu wa kuupata, na ugumu wa njia ya kuufikia. Vijana wakifichiana mara ya kwanza hutaka mkebe usipatikane milele. Mara ya pili, wakishasubiri wenzao saa nzima kwenye mvua, wanaficha kwa akili zaidi.

Wakizoea, badilishaneni nambari na kikosi cha shule jirani. Na ikitokea mnataka mkebe wa kudumu utakaotangazwa kwenye tovuti, chagueni mahali ambapo mmoja wenu atapita kila mwezi, hata likizo, na zaidi baada ya mvua, kwa kuwa kidaftari kilicholowa hakiandikiki. Kabla ya kuzituma nambari, kiongozi wa doria azisome kwa sauti na mwingine azikague kwenye ramani, herufi ya S ikiwamo.